Mwalimu Brown na Darasa Lake: Tucheke Kosa au Tumcheke Mkosaji?

Katika ukurasa huu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za Kiswahili. Safari hii tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie tukivuka mpaka. Kazi tunayoitazama ni mfululizo wa vichekesho wa televisheni wa Kiingereza uitwao Mind Your Language. Sababu ya kuuchagua ni kwamba unahusu kazi yetu wenyewe, yaani kuwafundisha lugha watu wazima waliokwisha kuwa na lugha zao.

Kwa manufaa ya wasiouona, tueleze kwa ufupi. Mfululizo huu ulibuniwa na Vince Powell, ukatengenezwa na London Weekend Television, na ulianza kuonyeshwa Uingereza Desemba 1977. Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anaajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya jioni jijini London. Anapewa mwezi mmoja wa majaribio, kwa kuwa darasa hilo limekwisha kumrusha akili mwalimu aliyemtangulia. Mkuu wa shule, Bi Courtenay, hana imani naye na humvizia kila mara. Darasani wamo Ranjeet Singh wa India, Ali Nadim wa Pakistan, Juan Cervantes wa Hispania, Giovanni Capello wa Italia, Anna Schmidt wa Ujerumani, Taro Nagazumi wa Japani, Chung Su-Lee wa China na wengineo. Kila mmoja ana lafudhi yake, kauli yake anayoirudia, na kosa lake asiloachana nalo.

Tangu mwanzo watazamaji waligawanyika. Wengi waliupenda, lakini mwaka 1979 Michael Grade, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo ya televisheni, aliusimamisha kwa kuona kwamba unayadhalilisha mataifa ya watu. Ulifufuliwa kwa muda mfupi mwaka 1986. Wakati huo huo ulikuwa umekwisha kusafiri nje ya Uingereza, na jambo la kushangaza ni kwamba ulipendwa hata katika nchi za hao hao waliokuwa wakichekwa. India ilitengeneza mfululizo wake kwa mfano huo huo, darasa likiwa la Kihindi badala ya Kiingereza. Nchini Kenya, waliokua wakitazama KBC wanaukumbuka mpaka leo.

Sisi hatukuutazama kwanza Nairobi wala London. Tuliutazama Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, tulipokwenda likizo nyumbani miaka michache kabla ya vita. Mpwa wetu alirudi kutoka Mtwara na diski, jirani akatoa deki, mwingine akatoa jenereta, na ua ukajaa watu. Kiingereza hakuna aliyekijua isipokuwa mpwa wetu, ambaye alisoma sekondari Tanzania. Basi yeye ndiye aliyekuwa mkalimani, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kimwani.

Kwa muda wa saa nzima watu walicheka. Walimcheka Taro kwa kuinama kwake, Ranjeet kwa kuomba radhi elfu moja, Ali kwa kuitikia asichokielewa. Kisha Juan akaulizwa swali, akajibu kama kawaida yake, "Por favor?" Hapo mpwa wetu hakuwa na haja ya kutafsiri. Kihispania na Kireno vinakutana kwenye maneno hayo, na pale Palma hata mtoto anayajua. Kicheko kilitokea, lakini kilikuwa cha namna nyingine. Mama mmoja akasema, "Huyo wetu." Tangu hapo Juan akawa na watetezi. Kila alipokosea, palitokea mtu wa kueleza kwamba hakukosea, bali mwalimu hakumsikia vizuri.

Mzee mmoja, babu yetu kwa upande wa mama, hakucheka tangu mwanzo. Wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 yeye alivuka Ruvuma kama maelfu ya wenzake na akaishi Tanzania miaka kadhaa. Alitueleza baadaye kwamba siku za mwanzo alikuwa akituma mtoto dukani, ingawa miguu yake ilikuwa mizima, kwa sababu kila alipofungua kinywa watu walimtaka arudie ili wacheke tena. Vijana walimjibu kwa adabu kwamba, babu, hii ni michezo tu, na mwalimu mwenyewe ni mtu mwema. Naye alikubali kuwa mwalimu ni mwema. "Lakini mbona hawajui mpaka leo?" akauliza.

Swali hilo la babu ndilo uhakiki bora wa mfululizo huu tuliowahi kuusikia, na tangu siku ile tumeshindwa kuliweka kando. Ni kweli, wanafunzi wa Brown hawasongi mbele. Kosa la kipindi cha kwanza ndilo la kipindi cha mwisho. Kifani, hao ni wahusika bapa, na wamefanywa hivyo makusudi, kwa kuwa siku Juan atakapojibu sawasawa atakuwa hana kazi katika mchezo. Mchekeshaji anahitaji kosa libaki, ilhali mwalimu anahitaji kosa liondoke. Brown anaonyeshwa kuwa mwalimu mvumilivu, lakini muundo wa mchezo wenyewe haumruhusu kufaulu.

Hata hivyo, hatukubaliani na wanaoutupa mfululizo mzima. Ndani yake mna vicheko vya aina mbili, na mhakiki hana budi kuvitenganisha. Aina ya kwanza hutokana na lugha yenyewe: neno moja lina maana mbili, nahau inachukuliwa neno kwa neno, mwanafunzi anafuata kanuni na kanuni inamtupa shimoni. Sisi tunakijua kicheko hicho. Mgeni akiambiwa na mwenyeji wake jikoni, "Niletee mbuzi," akatoka nje kumfungua kamba mnyama badala ya kuleta mbuzi ya kukunia nazi, anayechekesha hapo ni Kiswahili. Mgeni hana kosa, na akielezwa atacheka na sisi. Aina ya pili haihitaji lugha hata kidogo. Mjapani anainama, watu wanacheka. Kalasinga anaomba radhi, watu wanacheka. Hapo kinachochekwa ni taifa la mtu, na darasa ni kisingizio tu.

Wapo watakaosema kwamba lafudhi haiwezi kuepukwa katika ucheshi. Tunakubali. Nchini Kenya, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ingawa yeye hakuwa Mjaluo, na alipendwa miaka mingi. Kwa maoni yetu siri ni kwamba Ojwang alikuwa mtu kamili. Alikuwa na mke, madeni, hasira na hila zake, na lafudhi ilikuwa sehemu tu ya mtu huyo. Ukimwondolea lafudhi, Ojwang anabaki. Ukimwondolea Taro kuinama na lafudhi yake, hatujui atabaki nani.

Tunayasema haya kwa sababu jambo hili halikuishia Uingereza. Wanafunzi wanaotoka Palma na Mocímboa da Praia wanapoingia katika madarasa ya Kiswahili, mara nyingi huwa wao ndio akina Juan. Mmoja akiponyokwa na "shikola" badala ya shule, darasa zima hugeuka kumtazama. Wanaomcheka wamekalia viti mbele ya meza, wamefunga leso, na nje inapepea bendera. Nao hawakumbuki kwamba meza, leso na bendera zote zilitoka katika Kireno hicho hicho. Tofauti ni kwamba maneno yao yaliingia mapema zaidi.

Tena, zama zimebadilika. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kuvamiwa Machi 2021, watu wengi wa pwani ile wamehama makwao. Kimwani na Kiswahili cha huko vimekuwa lugha za kutiliwa shaka, kwa kuwa hata wavamizi wamesikika wakizizungumza. Mtu aliyejifunza kunyamaza barabarani kwa kuogopa lafudhi yake hapaswi kujifunza kunyamaza tena darasani. Ua ule wa Palma tuliocheka pamoja sasa hauna watu, na waliokuwamo wametawanyika. Baadhi yao wanafundishwa na walimu wanaosoma jarida hili.

Hatusemi darasa liwe mazishi. Mwalimu asiyeweza kucheka hafai kufundisha lugha, na vipindi kadhaa vya Brown vinafaa kabisa kuonyeshwa katika somo la mbinu za kufundishia. Tunachopendekeza ni kwamba vionyeshwe pamoja na swali la babu, kisha wanafunzi waulizwe ni kicheko kipi kimetoka kwenye lugha na kipi kimetoka kwenye dharau. Na mwalimu ajipime kwa kipimo hicho hicho: je, yule tuliyecheka naye mwezi uliopita bado anakosea pale pale? Kama ndivyo, basi tumekuwa wachekeshaji. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na msemaji fasaha wa leo, akivuka mto mmoja tu, kesho huenda akawa ndiye anayeuliza, "Por favor?"

Tunakaribisha maoni ya wasomaji, hasa wale wasioafikiana nasi, kwa ajili ya toleo lijalo.