Je, Asiyekula Tunda Hana Mlo Kamili?

Maneno "mlo kamili" yameenea nchini mwetu kiasi kwamba hakuna anayejiuliza tena maana yake. Mtoto wa shule ya msingi anayajua, mama anayehudhuria kliniki anayajua, na sisi wazee wa Buigiri tuliokula ugali wa uwele na mlenda tangu tuote meno tunayatamka bila kukwama. Katika insha hii nataka kuyahakiki maneno hayo, pamoja na bango la makundi matano ya vyakula lililoyabeba, kama mtu anavyohakiki kitabu. Bango nalo ni kazi ya picha na maandishi. Lina uzuri wake na lina kasoro zake. Ninalo neno la kusema juu yake kwa sababu mimi ni mtu wa kula mimea, sili nyama wala samaki, na tumbo langu linakataa matunda.

Nianze na uzuri, maana mhakiki asiyeona jema hafai kusikilizwa. Mafundisho ya lishe nchini hayakuanza jana. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huohuo watu wazima vijijini walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Siku hizo tulifundishwa makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili. Mboga na matunda vilikaa pamoja katika kundi la kulinda, kama ndugu wawili katika nyumba moja.

Baadaye makundi yakawa matano. Nafaka, mizizi na ndizi mbichi zilikuwa kundi moja. Jamii ya kunde na vyakula vyenye asili ya wanyama vilikuwa kundi jingine. Mboga-mboga zilikuwa na kundi lao. Matunda yalikuwa na lao. Kisha mafuta, sukari na asali. Mabadiliko haya yana sababu njema. Watu wengi walikuwa wakiona tunda ni la watoto na wagonjwa, na kulipa kundi lake ni namna ya kusema kwamba hata mtu mzima anapaswa kulila. Jambo hilo silipingi. Mwenye kuweza kula embe, papai au chungwa na ale kwa shukrani.

Kasoro inaanzia pale bango linapoeleza kwamba mlo kamili ni ule uliotoka katika makundi yote. Hebu, ndugu msomaji, tuyafuate maneno hayo hadi mwisho wake. Ikiwa kundi moja likikosekana mlo si kamili, basi mtu ambaye mwili wake unakataa matunda hatakula mlo kamili hata siku moja maishani mwake, ale nini na ajitahidi vipi. Haya si mawazo yangu tu. Katika zahanati moja nilimweleza muuguzi habari zangu, naye, kwa upole wote, akalitazama bango ukutani akaniambia, "Basi, Mwalimu, itabidi ujitahidi hata kidogo kidogo, la sivyo mlo wako hautakamilika." Alisema alichofundishwa. Nami nilirudi nyumbani nikijiuliza: je, ninachokosa ni tunda, au ni kitu kilichomo ndani ya tunda?

Swali hilo linatupeleka kwenye lingine: tunda ni nini? Bango lenyewe halina hakika. Ndizi ikiwa mbichi imo katika kundi la mahindi na mihogo. Ikiiva, wanga wake mwingi umegeuka sukari, nayo inahamia kundi la matunda. Nyanya, bamia, biringanya na boga ni matunda kwa mtaalamu wa mimea, lakini yamewekwa katika mboga kwa sababu yanaingia sufuriani. Parachichi lina mafuta mengi kuliko sukari, lakini limo pamoja na tikiti maji. Kwa hiyo kundi la matunda limegawanywa kwa mazoea ya jikoni: kilicho kitamu, kinacholiwa kibichi, ndicho tunda. Mgawanyo wa namna hiyo unafaa kwa kufundishia, lakini haufai kuwa hukumu juu ya afya ya mtu.

Sasa tutazame kazi ya tunda mwilini. Linatupa nyuzinyuzi, potasiamu, foleti, na baadhi ya matunda kama embe na papai yanatupa chanzo cha vitamini A. Lakini sifa kubwa ya matunda ni vitamini C, na sifa hiyo ina historia. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwajaribu mabaharia kumi na wawili waliougua kiseyeye, na wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wenzao. Tangu hapo tunda likawa mfalme. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Albert Szent-Györgyi alipotaka kuipata vitamini hiyo kwa wingi ili aichunguze, aliipata katika pilipili za mji wa Szeged huko Hungaria, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa uzani uleule, pilipili hoho mbichi ina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Harriette Chick na wenzake wa Lister Institute, London, walionyesha kwamba mbegu za jamii ya kunde, ambazo zikiwa kavu hazikingi kiseyeye, zikiloweshwa na kuchipua hupata nguvu ya kukikinga.

Shirika la Afya Duniani nalo, linapotaka mtu mzima ale angalau gramu 400 kwa siku, linataja matunda na mboga kwa pamoja, bila kuhesabu viazi na mihogo. Halisemi ngapi ziwe za tunda na ngapi za mboga. Maana yake ni kwamba yale makundi matatu ya zamani, tuliyoyaacha tukidhani yamepitwa na wakati, yalikuwa na haki kwa jambo hili moja.

Lakini uhakiki wa haki haumwoni jirani tu. Ukimwambia mtu wa Buigiri, "Huna haja ya tunda, kula mboga," umemwambia nusu ya jambo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ardhi hukauka. Mboga ya kiangazi ni mboga iliyokaushwa: mlenda wa unga, majani ya kunde, majani ya mbuyu. Tunaikausha juani, kisha tunaipika kwa magadi ili iive upesi na iteleze vizuri. Ni chakula kitamu, nami silioni aibu kukisifu. Kina madini na kina nyuzinyuzi. Lakini jua kali huharibu vitamini A na C, moto wa muda mrefu huharibu C, na magadi huzidi kuiharibu iliyobaki, pamoja na vitamini B1. Kwa mlaji wa matunda hasara hiyo inafidiwa na embe au ubuyu. Kwangu mimi haifidiwi na chochote, ila nikibadili upishi.

Wala si suala la kiseyeye peke yake. Kiasi cha miligramu kumi tu kwa siku hutosha kukizuia, ingawa mtu mzima hushauriwa kupata kama 45. Kwa mla mimea jambo kubwa zaidi ni damu. Madini ya chuma yaliyomo katika uwele, kunde na majani hayafyonzwi kwa urahisi kama yale ya nyama, na vitamini C iliyoliwa katika mlo huohuo ndiyo inayoyafungulia mlango. Chai ya rangi inywewayo pamoja na ugali huufunga mlango huo. Kwa hiyo asiyekula nyama wala tunda hana budi kuwa mwangalifu wa mpangilio wa sahani yake kuliko jirani yake mwenye mbuzi na mwembe.

Nitaeleza ninavyokula mimi, si kwa kuwa ni sheria, bali ili msomaji aone kwamba inawezekana. Ugali wangu ni wa uwele au mtama usiokobolewa. Mboga yangu ni maharage, kunde, choroko au njugu mawe, na majani mabichi yanapopatikana: mchicha, kisamvu, matembele. Majani kama mchicha na matembele nayapika kwa muda mfupi, bila magadi, na maji yake siyamwagi. Kisamvu sikiharakishi, kwa sababu kisipotwangwa na kuchemshwa vya kutosha kina sumu. Natia karanga zilizotwangwa au mafuta ya alizeti, kwa kuwa chanzo cha vitamini A kilichomo katika majani hufyonzwa vizuri kikipata mafuta. Juu yake naweka kachumbari ya kabichi na pilipili hoho. Kiangazi kikikaza na majani yakawa ghali, nalowesha choroko usiku mmoja, nazifunika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi zichipue, kisha nazichemsha kidogo tu. Kimea tunakijua tangu enzi za babu zetu kwa ajili ya pombe. Si ajabu kukitumia kwa ajili ya damu. Majani ninayoyakausha, nayakausha kivulini.

Hapa sharti nitoe tahadhari, maana kutopatana na matunda si ugonjwa mmoja. Wako ambao utumbo wao haufyonzi vyema sukari ya matunda iitwayo fruktosi. Hao huumwa tumbo na kuharisha, na mara nyingi huweza kula kiasi kidogo au kuchagua tunda. Wako wenye mzio, ambao midomo huwasha na hata koo huvimba; hao wengine hukatazwa tunda bibi moja huku wakila mengine salama. Na wako wachache sana waliozaliwa bila kimeng'enya cha kuivunja fruktosi ndani ya ini. Hao hawawezi hata sukari ya kawaida wala asali, na hata viazi vitamu huwadhuru. Kwa mtu wa aina hii ya tatu, shauri la "kidogo kidogo" ni hatari. Ndiyo maana apatwaye na madhara amwone daktari ajue yuko fungu lipi, asijitibu kwa insha yangu.

Nimeacha kwa makusudi kasoro kubwa kuliko zote. Bango hilo la makundi matano liliweka maharage na nyama katika kundi moja, kana kwamba ukichagua kimoja umekipata na kingine. Kwa protini, sawa. Lakini vitamini B12 imo katika vyakula vya wanyama. Katika maharage haimo, katika uwele haimo, wala katika tunda lolote haimo. Asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima aipate katika vidonge au katika vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, la sivyo baada ya miaka damu na mishipa ya fahamu itadhurika. Sasa tazama hukumu ya bango. Mla mimea aliyekula ugali, maharage, mchicha, chungwa na mafuta ameambiwa mlo wake ni kamili, ingawa B12 hana. Mwenzake aliyekula vivyo hivyo, akaweka kabichi na pilipili hoho mahali pa chungwa, akameza na kidonge chake, ameambiwa mlo wake una pengo. Aliyekosa amesifiwa, aliyekamilika amelaumiwa.

Makosa ya namna hii yana gharama kwa watu maskini. Nimemwona mama mjamzito akiuza kisado cha karanga ili anunue matofaa yaliyotoka Afrika Kusini, kwa kuwa aliambiwa akose vyote asikose tunda. Karanga zile zilikuwa na protini, mafuta na foleti. Tofaa lile lilikuwa na maji, sukari na sifa. Mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa mtiifu kwa picha ukutani.

Sipendekezi bango liondolewe. Napendekeza chini ya kila picha iandikwe kazi ya chakula kile mwilini, na chakula kingine kinachoweza kuifanya kazi hiyohiyo. Chini ya chungwa iandikwe vitamini C, kisha pilipili hoho, kabichi na choroko zilizochipua. Chini ya nyama iandikwe B12, na isemwe wazi kwamba maharage hayanayo. Mwalimu akifundisha hivyo, mwanafunzi atajua kwa nini anakula anachokula, na siku atakapokikosa, kwa ukame, kwa umaskini au kwa kukataliwa na tumbo lake, atajua pa kutafuta kingine.