Cardini: Muungwana Aliyesumbuliwa na Karata Zake

Mwaka 1957 televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha mazingaombwe ya Cardini, na kwa bahati picha zake zimesalia hadi leo. Anaingia jukwaani akisoma gazeti. Amevaa suti nyeusi ya usiku, joho, kofia ndefu, glovu nyeupe na miwani ya jicho moja. Mwendo wake unaonyesha kwamba ametoka karamuni na kwamba glasi ya mwisho ilikuwa ya ziada. Mara karata inachomoza mkononi mwake. Anashtuka, anaitupa. Inachomoza nyingine, kisha fungu zima linatanda kwenye vidole. Zinafuata sigara zilizokwisha kuwashwa. Kila akiachana na moja, nyingine inamjia. Anamaliza na kiko kikubwa kinachofuka moshi, na muda wote huo hajahutubia watazamaji wala kuwaeleza chochote.

Jina lake halisi lilikuwa Richard Valentine Pitchford, aliyezaliwa Wales mwaka 1895. Vidole vyake vilikuwa hodari kuliko vya wengi wa zama zake. Lakini ukilitazama onyesho lile kwa makini utaona kwamba kazi kubwa inafanywa na mtu aliyemjenga: yule muungwana mwenye kileo kichwani. Uhusika ule ndio unaoficha siri na kuipa kila harakati sababu yake.

Tuanze na uamuzi uliozaa mengine yote. Msanii wa kawaida wa mazingaombwe hujitokeza kama mwenye uwezo. Anaonyesha mikono mitupu, anatangaza atakachofanya, kisha anakifanya. Tatizo ni kwamba tangazo lile humgeuza mtazamaji kuwa mlinzi: anakodolea macho mikono na kungoja kumkamata. Cardini aliupindua uhusiano huo. Mazingaombwe hayafanywi naye, yanamtokea. Yeye hataki karata, anataka kwenda zake kulala. Kwa kuwa hakutoa ahadi, mtazamaji hana cha kulinda. Badala ya kumshuku anamhurumia, na anayemhurumia mtu humtazama usoni.

Hapo ndipo ufundi unapoingia. Katika kiinimacho, kinachomfichua msanii mara nyingi ni harakati isiyo na sababu: mkono unaokwenda mahali ambapo haukuwa na haja ya kwenda. Msanii mwenye uhusika dhaifu hulazimika kuificha harakati hiyo kwa kasi, na kasi yenyewe huamsha shaka. Muungwana wa Cardini ana sababu mia za kusogeza mikono. Anarekebisha joho, anagusa kofia, anatupa kwa kero karata asiyoitaka. Yote ni mambo ambayo mtu wa namna ile, katika hali ile, angeyafanya. Hakuna haja ya kuharakisha. Hata ulevi wake una kazi: unahalalisha mwendo wa taratibu, unampa nafasi ya kusita na kuduwaa, na kila kuduwaa kwake huwapa watazamaji muda wa kuelewa kilichotokea kabla ya jambo jingine kuanza.

Tazama pia ile miwani ya jicho moja. Mshangao unapomzidi, inadondoka kutoka jichoni. Ukumbi mzima unahamia usoni kwake, kisha unafuata anakotazama yeye. Kitu kidogo cha mavazi kimekuwa chombo cha kuongoza macho ya umati. Hii ndiyo tofauti kati ya vazi na uhusika: vazi huvaliwa tu, ilhali kila kipande cha uhusika kinapewa kazi ya kufanya.

Glovu zina historia yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Pitchford alikuwa askari wa Uingereza, akifanya mazoezi ya karata ndani ya mahandaki. Baridi ilimlazimu kuvaa glovu, na vidole vikazoea. Kushika karata kwa glovu ni vigumu mno, na wasanii wengi wangeacha ujuzi huo uishie vitani. Yeye alitafuta ni mtu gani ambaye glovu ni sehemu ya maisha yake, akampata muungwana wa usiku. Dhiki ya askari ikawa ushahidi wa umahiri.

Halafu yupo mkewe, Swan Walker, aliyeoana naye miaka ya 1920 baada ya Cardini kufika Marekani. Jukwaani alivaa kama kijana mhudumu wa hoteli. Mtu mmoja tu akishangazwa na karata, ni kichekesho kifupi. Akiwepo shahidi anayemtazama kwa utulivu, muungwana anaanza kuhangaikia heshima yake, na hapo hadithi inaanza. Tena mhudumu anayekuja kupokea vitu anavipa njia ya asili ya kuondoka jukwaani. Ni kipande cha hadithi na kipande cha ufundi kwa wakati mmoja.

Kanuni hii haikuwa ya Cardini peke yake. Tommy Cooper, naye mzaliwa wa Wales, alivaa tarbushi nyekundu na kuigiza msanii ambaye kila mchezo unamharibikia, ilhali alikuwa mjuzi wa kweli wa fani. Upande wa pili kuna onyo. Mmarekani William Robinson alijiita Chung Ling Soo na kwa miaka mingi alijifanya Mchina, akifuata nyayo za Ching Ling Foo, msanii Mchina wa kweli. Naye alikaa kimya jukwaani, lakini kimya chake kilikuwa cha kulinda uongo kuhusu taifa la watu wengine. Alipopigwa risasi kwa ajali jukwaani London mwezi Machi 1918, alipaza sauti kwa Kiingereza. Kimya cha Cardini kilitoka ndani ya hali ya mhusika wake, na hakikumdhalilisha mtu.

Afrika Mashariki nako msanii wa mazingaombwe anapofika shuleni, wapo watoto wanaomshangilia na wapo wanaomwogopa wakidhani ni mchawi. Suti nyeusi na kifimbo haviwezi kuondoa hofu hiyo. Uhusika unaweza, kwa sababu ndio unaowaambia watazamaji, kabla ya karata ya kwanza, kwamba huu ni mchezo na mchezaji ni nani. Kondakta wa daladala ambaye chenji haziishi mkononi, au mwalimu ambaye chaki zinamkimbia, ni watu wanaotambulika mara moja.

Kwa hiyo, wewe kijana unayejifunza fani hii, usianze na kununua vifaa. Chagua kwanza mtu. Mjue anatoka wapi, anataka nini na ni kitu gani kinachomkatalia. Kisha pitia michezo yako mmoja mmoja, na kila ambao mtu huyo hana sababu ya kukutana nao, uache, hata kama ndio unaoumudu kuliko yote.