Sanaa ya Kutosema: Matini Mbili za Oktoba 2009

Usiku wa 12 Oktoba 2009 gazeti la Guardian la London lilichapisha habari ambayo, kwa kipimo cha kawaida cha uandishi wa habari, haikuwa na habari ndani yake. Ilisema kwamba orodha ya shughuli za Bunge la Uingereza ilikuwa na swali ambalo waziri angelijibu wiki hiyo. Kisha ikaeleza kwamba gazeti limezuiwa kumtambulisha mbunge aliyeuliza, kusema swali lenyewe ni lipi, kumtaja waziri anayeweza kulijibu, wala kuonyesha linapatikana wapi. Sababu ya kuzuiwa nayo haikuruhusiwa kusemwa. Kulikuwa na vikwazo visivyoweza kubainishwa, kuhusu mashauri yasiyoweza kutajwa, kwa niaba ya mteja asiyepaswa kujulikana. Jina moja tu lilipenya: kampuni ya mawakili ya Carter-Ruck.

Tuanze na ukanushi, kwa kuwa ndio mhimili wa matini hii. Kila tendo linalokanushwa linaacha nomino yake imesimama wima. Asemaye kwamba hawezi kumtaja mbunge amekwisha kukiri kwamba mbunge yupo. Asemaye kwamba haruhusiwi kuonyesha swali lilipo amekwisha kutuambia kwamba lipo mahali panapofikika, na habari yenyewe ilishapataja. Kwa hiyo orodha ya makatazo inageuka ramani. Kauli ya kutendwa nayo inafanya kazi isiyo ya kawaida. Katika lugha ya ofisi kauli hiyo humficha mtendaji ili msomaji asimwulize. Hapa mtendaji anafichwa ili msomaji aulize, na nafasi tupu iliyoachwa mahali pa mtendaji ndiyo habari yenyewe. Halafu vinafuata virai vitatu, kila kimoja na katazo lake, na mdundo unapanda kutoka vikwazo hadi mashauri hadi mteja, yaani kutoka kitu hadi mtu. Ni kitendawili kilichotegwa kwa unyoofu kamili, kwani ndani ya sentensi hizo mtegaji haongezi chumvi wala hanung'uniki.

Jibu lake lilikuwa matini nyingine, nayo si haba kiufundi. Paul Farrelly, mbunge wa Newcastle-under-Lyme, alimwuliza Waziri wa Sheria, Jack Straw, ameutathmini vipi uwezo wa sheria kuwalinda watoa taarifa za siri na uhuru wa vyombo vya habari. Kishazi kikuu ni hicho, baridi kama barua ya serikali. Uzito wote umewekwa kwenye kirai kinachoburutwa nyuma: kufuatia amri za zuio zilizotolewa Mahakama Kuu, moja kwa ajili ya benki ya Barclays mwezi Machi, nyingine kwa ajili ya kampuni ya Trafigura tarehe 11 Septemba, ya kuzuia kuchapishwa kwa ripoti ya Minton kuhusu madai ya kutupwa taka za sumu nchini Côte d'Ivoire. Desturi ya Bunge hilo haitaki swali liwe hotuba fupi au kisingizio cha kutoa habari. Farrelly anaitii desturi kwa kuomba tathmini, kisha habari anaipitisha kama kielezi. Angalia pia mahali alipomalizia: ripoti hiyo iliagizwa na Trafigura yenyewe. Mwandishi asiye makini angeliweka neno hilo katikati, likazama.

Nyuma ya matini hizi mbili kuna ya tatu, ambayo ni amri ya mahakama. Taka zenyewe zililetwa na meli Probo Koala na kumwagwa Abidjan mnamo Agosti 2006, na maelfu ya watu wakakimbilia hospitali. Trafigura ilikana kwamba zingeweza kusababisha vifo au madhara makubwa. Amri ya 2009 ilizuia ripoti isichapishwe, tena ikazuia isisemwe kwamba kuna amri, na wadai wakaandikwa kwa herufi tu. Hili ni zuio juu ya zuio. Ibara ya 9 ya Sheria ya Haki ya 1689 inakinga usemi wa ndani ya Bunge usihojiwe mahakamani, na sheria ya 1840 inakinga karatasi zinazochapwa kwa amri ya Bunge. Gazeti linaloripoti karatasi hizo halikuwa na kinga iliyo wazi namna hiyo. Habari ya Guardian iliandikwa kutoka kwenye ufa huo.

Athari yake ilikuwa ya haraka. Mhariri Alan Rusbridger aligusia zuio hilo kwenye Twitter, wasomaji wakalisaka swali na kulipata, na mchana wa 13 Oktoba, kabla pande mbili hazijafika mbele ya jaji, Carter-Ruck, mawakili wa Trafigura, wakalegeza msimamo. Siku chache baadaye zuio la ripoti nalo likaondolewa.

Linganisha na 25 Oktoba 2018, Peter Hain aliposimama katika Baraza la Malodi na kumtaja mfanyabiashara Philip Green, siku mbili baada ya Mahakama ya Rufani kutoa zuio la muda lililolificha jina lake. Green alikana tuhuma dhidi yake. Kisiasa lilikuwa tendo zito, na wapo wanaolitetea kwa hoja nzuri. Kwa umbo, ni sentensi moja inayobeba jina na kulishusha, na msikilizaji hana kazi iliyobaki. Ni mtu mmoja tu aliyeamua badala ya majaji.

Anayetaka kuzisoma matini za 2009 aanze na gazeti, ndipo aende kwenye orodha ya Bunge. Akianza na swali, atapata habari ya Trafigura peke yake, na Guardian itamwonekea imechapisha aya za mafumbo bure.