Dolby B na Adabu ya Utepe

Aliyewahi kusikiliza kaseti usiku nyumba ikiwa kimya anaujua ule mvumo wa "shhh" unaotangulia wimbo. Si ubovu wa redio. Utepe wa kaseti haufiki upana wa milimita 4, nao hutambaa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, basi chembe za sumaku zinazopita mbele ya hedi inayozisoma ni chache na uchache wao husikika.

Ray Dolby, mhandisi Mmarekani aliyefungua maabara yake London mwaka 1965, hakukimbilia kukata sauti nyembamba wakati wa kusikiliza. Ukizikata, mvumo unaondoka na matoazi, na pumzi ya mwimbaji pia. Katika Dolby B, mfumo wa nyumbani uliotoka 1968, kazi huanza kwenye kurekodi: sauti nyembamba zilizo hafifu hupandishwa hadi desibeli 10 kabla ya kufika kwenye utepe. Wakati wa kucheza hushushwa kwa kiasi kilekile, na mvumo ulioingia njiani hushuka nazo. Zikiwa na nguvu, haziguswi, kwa kuwa sauti kubwa huufunika mvumo yenyewe. Kujizuia huko ndiko ninakokuheshimu kuliko yote.

Mashine iliyoufanya ufundi huo uonekane kwa macho ni Advent 100, ya kampuni ya Henry Kloss kule Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kisanduku cha kuunganisha na kinasa sauti ulicho nacho. Unarekodi toni ya majaribio, unairudisha, kisha unazungusha kirekebishi taratibu mpaka mshale utulie kwenye alama. Hapo hapana mzaha: toni ikirudi chini kidogo, mashine hudhani sauti ni hafifu kuliko ilivyokuwa, inashusha kupita kiasi, na muziki unafifia.

Baadaye mfumo mwingine, dbx, ulipunguza mvumo mara nyingi zaidi, lakini kanda yake haisikiliziki bila mashine yake. Ya Dolby B husikilizika popote, ila inakuwa kali kidogo. Mimi nachagua Dolby.

Ukiwa na kanda za zamani zenye alama yake na unataka kuzihamishia kwenye kompyuta, safisha hedi kwanza, rekebisha pembe yake, halafu washa Dolby. Kitufe cha kupunguza sauti nyembamba hakifanyi kazi hiyo.