Habari za Wakilindi: Njia ya Mgeni na Deni Lake

Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, na kutoka hapo wakaswaga maksai na magari yao kuelekea magharibi, mpaka uwanda wa Uasin Gishu. Mji uliochipuka huko, ambao leo ni Eldoret, ulijulikana kwanza kwa namba ya shamba: 64. Mlowezi wa namna hii alibeba nyumba yake garini. Chakula, vyombo na kitanda alikuwa navyo, asilazimike kubisha hodi kwa mtu. Ndiyo maana masimulizi ya njia kama hiyo hujaa matope, mito na magurudumu, na wenyeji hubaki pembezoni.

Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa kwa sehemu Magila baina ya 1895 na 1907, na kutolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen, nacho ni kitabu cha njia ya mlowezi, ila njia yake ni ya miguu. Mbegha, kigego aliyenyimwa urithi kwao Nguu, anaikimbia Kilindi baada ya mwana wa mtawala kuuawa na nguruwe mwitu mawindoni. Ana mbwa, mikuki na dawa. Kila apitapo hana budi kuomba, na kila aombapo hana budi kutoa. Nyama yake inabadilishwa kwa mazao ya mashamba ya Washambaa. Bumbuli anapewa mke. Baada ya kumuua simba, Vuga inampa utawala. Mwanawe Bughe, aliyezaliwa na mke huyo wa Bumbuli, anakuja kurithi kwa kushikwa mkono na wajomba zake.

Hapa ndipo ulipo ustadi wa mwandishi. Masafa hayapimwi kwa siku za mwendo, bali kwa watu waliompokea mgeni. Msimulizi hana maelezo mengi. Huwaacha watu waseme, waulizane na kuahidiana, hata msomaji akaiona himaya inajengwa kwa maneno ya mezani kabla ya mikuki.

Hata hivyo, ulaini huo una walakini. Abdallah aliishi karibu na watawala wa Kikilindi, na kisa cha mgeni aliyeombwa atawale ni kisa kinachowafaa mno watawala. Mshambaa aliyesita kumpokea Mbegha, kama alikuwapo, hasikiki. Msomaji akiishia hapo, atakuwa amesoma sifa tu.

Lakini kitabu hakiishii hapo, na hili ndilo linalosahauliwa na wale wanaokisimulia upya kwa kukomea kwa Mbegha na simba wake. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, mnamo 1862, wana wa himaya wanapigana, na raia wanauzwa utumwani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei wanawainukia Wakilindi katika uasi ulioitwa Kiva. Mwandishi yuleyule aliyepamba mapokezi anaandika pia namna wenyeji walivyomfukuza mgeni aliyesahau kwamba aliingia kwa kupokelewa. Sehemu ya mwisho ndiyo inayoihukumu sehemu ya kwanza: aliyepewa nchi kwa nyama hakuwa na ruhusa ya kuwauza waliompa.

Kwa hiyo kitabu hiki kisomwe kizima. Kwa msomaji wa Mponde, aliye katika milima hiyohiyo ya Bumbuli na chai yake, si ngano ya asili ya wafalme tu. Ni hati ya mkataba iliyoandikwa na mtu wa upande mmoja, ambaye kwa uaminifu wake wa kusimulia hakuweza kuuficha ushahidi wa upande wa pili.