Ipime Klabu Siku ya Jumanne

Mzazi anayemtafutia binti yake klabu ya soka Moshi mara nyingi huanzia pabaya: huenda Jumamosi kutazama mechi. Jumamosi jezi zimefuliwa, kocha kavaa fulana mpya, na timu ikiwafunga mabao matano watoto waliokusanywa asubuhi ile ile Pasua na Njoro, kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Nenda Jumanne. Fika saa kumi jioni bila kumwarifu mtu, simama upande ambao wazazi hawasimami, na usimsogelee kocha mpaka mazoezi yaishe.

Kwanza tazama nani kapewa uwanja. Mjini na huku milimani zipo timu za wavulana zilizojiongezea kikundi cha wasichana pembeni, kwa kuwa wafadhili siku hizi hawatoi kitu bila kuuliza habari za wasichana. Zinajulikana upesi. Ikigonga saa kumi wavulana wanaingia katikati, wasichana wanasogezwa nyuma ya goli kwenye changarawe na mipira miwili iliyochubuka. Kocha wao ni kijana aliyeshikishwa filimbi leo, kwa sababu yule wa wiki iliyopita kapata safari ya kupandisha wageni mlimani. Klabu ya namna hiyo inaweza kuwa na picha nzuri sana, kilele cha Kibo kikimeta nyuma, lakini binti yako hana kazi nayo.

Dakika ishirini za mwanzo ndizo ninazoziamini kuliko zote. Wasichana wanaocheza soka huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, hasa wakishabalehe, na kano hiyo ikikatika ni upasuaji, kisha miezi tisa au zaidi ya kujifunza kukimbia upya. FIFA ina utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+, wenye mazoezi 15: unaanza kwa kukimbia polepole, unaingia kwenye nguvu, mizani na kuruka, unamalizia kwa mbio za kasi na kukata kona. Hauhitaji kifaa cha bei. Kwa hiyo kocha asiyeufanya, au asiye na utaratibu wa aina hiyo, hawezi kusingizia umaskini. Angalia wasichana wanavyotua baada ya kuruka. Magoti yakiingia ndani kama yanataka kugongana na kocha akapita akichezea simu, umeshaona la kuona. Mwenye ujuzi humsimamisha yule mmoja, humwambia aruke tena atue kimya, magoti yamekunjwa na yanaelekea kwenye vidole vya miguu, na hamwachii mpaka apate. Kocha wa aina hiyo hata akiwa na leseni ya ngazi ya chini ya CAF namchukua kabla ya mwenye cheti kikubwa kilichobandikwa ukutani.

Mpira ukianza kuchezwa, acha kuhesabu mabao, tazama shingo. Msichana aliyefundishwa hugeuza shingo mara mbili tatu kabla mpira haujamfikia, kwa hiyo akiupokea tayari anajua unakwenda wapi. Asiyefundishwa hutuliza kwanza ndipo aanze kutafuta wa kumpa, na huko ndiko anakokabwa. Msikilize na kocha. Anayepiga kelele “piga, piga mbele!” jioni nzima anafundisha woga wa mpira. Anayesimamisha mchezo na kuuliza “ulimwona nani pale?” anafundisha soka.

Huku kwetu kuna hila moja ambayo mgeni haioni. Viwanja vingi vya Kibosho, Uru na Old Moshi, vya shule na vya parokia, vimechongwa kwenye mteremko. Timu ya nyumbani hujua kipindi gani ishambulie kushuka, hupiga mpira mrefu, mpira unakimbia wenyewe, winga mwenye mbio anaukuta. Hushinda sana. Mpeleke winga huyo Uwanja wa Ushirika, penye utambarare na nyasi, uone kama anaweza kumpita beki mmoja. Klabu inayojua thamani yake huwatafutia wasichana mechi za ugenini makusudi, hata za kufungwa. Na uliza masika wanafanyaje. Kuanzia Machi hadi Mei viwanja vya udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Klabu ya kweli huomba ukumbi wa shule au hufanya kazi ya nguvu na video, ya ubabaishaji huvunja mazoezi mpaka Juni.

Sasa chuo, maana ndicho wazazi wengi wanachokitaka ingawa hukitaja mwisho. Marekani ndiko ufadhili wa soka la wasichana vyuoni ulikoota mizizi, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Njia hiyo Waafrika Mashariki wameipita: Sandra Nabweteme wa Uganda alichezea Southwestern Oklahoma State, chuo cha Daraja la Pili la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kisha akaenda kucheza Iceland. Lakini mzazi ajue mambo mawili kabla hajadanganywa. Ufadhili mwingi ni wa sehemu tu ya gharama, na vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. La pili, NCAA kwa Daraja la Kwanza na la Pili hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari, Kiingereza, hesabu na sayansi yakiwemo. Msichana mwenye mabao arobaini na F ya hesabu hana anachokwenda kuzungumza na kocha yeyote huko.

Ndiyo maana swali langu kwa kocha halihusu soka. Namuuliza: “Mwalimu, wasichana wako waliomaliza kidato cha nne mwaka jana walipata divisheni ngapi?” Akizitaja bila kufungua daftari, nakaa chini tuzungumze. Akisema hayo ni ya shule, namshukuru naondoka. NECTA, baraza la mitihani, hutoa matokeo ya kila shule hadharani, kwa hiyo maneno yake yanaweza kupimwa. Tazama pia Oktoba: klabu inayopanga mashindano ya kila wikiendi wakati wasichana wake wanakabiliwa na mtihani wa Novemba haina habari na kesho yao. Mkoa huu hauna upungufu wa shule za wasichana zenye jina, Weruweru, Machame, Kibosho, Ashira, na kocha mwenye akili hufahamiana na walimu wa michezo wa huko, kwani UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ndiyo jukwaa ambalo msichana wa kijijini huonekana kwanza, kutoka kata mpaka taifa.

Kalenda nayo ina mtego. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na timu za vyuo vya Marekani huanza maandalizi Agosti. Hati za chuo na viza haziwezi kukamilika katika wiki hizo chache, kwa hiyo binti huenda mwaka unaofuata. Mwaka huo wa kungoja si wa kukaa tu: kanuni za Daraja la Kwanza zimezoea kutoa takriban mwaka mmoja baada ya sekondari, na anayezidisha huku akiendelea na mashindano rasmi anaweza kupunguziwa misimu ya kucheza chuoni. Klabu inayojitangaza kuwa inapeleka wasichana Marekani na haiwezi kukueleza hesabu hii kwa kidole haijampeleka mtu. Masharti ya viza nayo hubadilika kwa upepo wa siasa za huko, ndiyo sababu nyingine ya kutofungia matumaini yote kwenye mlango mmoja.

Mlango mwingine ni mshahara. Tangu Ligi Kuu ya Wanawake ianze msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakiwa mabingwa wa kwanza, wasichana wa Tanzania wamepata kazi. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga yuko Al Nassr ya Saudi Arabia. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, waliwafunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Hakuna anayeweza tena kumwambia binti wa Marangu kwamba anacheza mchezo wa kaka zake. Ila njia hizi mbili hugombana: msichana wa miaka 16 anayesaini mkataba wa mshahara anaweza kujifungia mlango wa chuo, kwa kuwa NCAA huchunguza kama mchezaji aliwahi kulipwa. Wamekuwa wakilegeza kamba miaka ya karibuni, lakini maswali hayajaisha. Klabu bora humkalisha mzazi na kumwambia hayo kabla kalamu haijatolewa. Nyingi hazisemi, kwa sababu zenyewe hupata chochote binti akisajiliwa.

Kwa mwenye kichwa cha darasani kuna njia ya tatu, na iko Lema Road. UWC East Africa, iliyokuwa International School Moshi, hufundisha diploma ya IB, na wahitimu wa shule za UWC hufadhiliwa na mpango wa Davis katika vyuo vingi vya Marekani. Huko mlango hufunguliwa na masomo, mpira unaongeza uzito. Nashangaa klabu chache mno hutaja jambo lililo jirani kiasi hicho.

Makaratasi ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayotenganisha klabu na kijiwe. Omba kuona faili la mchezaji mmoja, jina likiwa limezibwa. Liwe na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, ripoti za shule, rekodi ya majeraha, barua ya ridhaa ya mzazi. Jina liwe lile lile kila mahali. Msichana aliyeandikwa jina la babu kwenye cheti cha kuzaliwa, la ukoo shuleni na la ubatizo kwenye pasipoti atahangaika na viapo vya mahakamani siku ambayo kocha wa chuo anasubiri jibu. Na kocha akikunong’oneza kwamba umri unaweza “kupunguzwa kidogo”, mchukue binti yako muondoke jioni ile ile. Mwenye kukata umri atakata na mengine.

Kuhusu usalama sina maneno mengi, kwa sababu hakuna la kujadiliana. Moshi jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu. Mazoezi yaishe mapema kiasi cha binti wa Uru au Kiboriloni kupata gari kabla ya giza, na awepo mtu anayehesabu vichwa. Awepo mwanamke kwenye benchi mwenye madaraka, asiwe wa kubeba maji tu. Fungua mkoba wa huduma ya kwanza: barafu, bandeji, taulo za kike. Visipokuwepo, uliza nani aliununua. Kocha anayewatumia wasichana ujumbe binafsi usiku hana utetezi.

Mji wetu pia una wageni wa kujitolea, wanakuja wiki sita na koni za rangi, wanafundisha vizuri, wanaondoka. Wakaribishwe. Ila uliza mazoezi yakoje mwezi ambao hawapo, maana klabu nyingine huishi kwa misimu ya ndege.

Video ni rahisi kuliko wanavyoifanya. Simu moja juu ya stendi, mahali pa juu, mechi nzima irekodiwe bila muziki. Makocha wa vyuo hutazama vipande vya dakika tatu au nne, wakivutiwa huomba mechi kamili, tena ile ambayo timu ilibanwa. Klabu yenye kumbukumbu ya mechi kamili za misimu miwili ina mali kuliko yenye vikombe kabatini. Jihadhari na anayeomba “ada ya skauti” au fedha za majaribio Ulaya kwa mtoto wa miaka 15: kanuni za FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa, na kocha wa chuo anayekutaka hakutozi kitu ili akutazame.

Ukiridhika na yote hayo, omba fomu ya usajili uende nayo nyumbani. Isome usiku, mama na baba pamoja na binti mwenyewe, na mtafute kifungu cha kuhama. Zipo fomu zinazomdai mzazi “gharama za malezi” mtoto akiondoka, au zinazoiruhusu klabu kuzuia barua ya kuhama mpaka ilipwe. Fidia ya malezi katika kanuni za FIFA ni ya soka la wanaume, nayo klabu hudaiana zenyewe kwa zenyewe, mzazi hahusiki. Mrudishie kocha fomu bila sahihi, mwonyeshe kifungu, mwombe akifute. Wapo wanaokikata kwa kalamu palepale na kuweka saini pembeni. Hao wapeni binti Jumanne inayofuata.