Riverbu ya mng'aro: kazi yote iko ndani ya mzunguko

Maiki ikisogezwa karibu na spika yake, hulia. Sauti inatoka, inaingia tena, inakuzwa, inatoka na nguvu zaidi. Fundi mitambo hukimbilia kuizima. Watunzi wa sauti za majaribio huuacha mzunguko huo uzunguke, wakachagua cha kuweka katikati yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni riverbu ya mng'aro, iliyofahamika kupitia kazi za Brian Eno na Daniel Lanois miaka ya 1980. Sauti ya riverbu, yaani mwangwi wa ukumbi unaoigizwa na kifaa, hupitishwa kwenye kifaa kingine kinachoinua noti kwa oktavu moja, kisha hurudishwa kwenye riverbu ileile. Leo programu-jalizi kama ValhallaShimmer hufanya yote hayo ndani ya kompyuta.

Fuata noti moja ya gitaa ya 220 Hz. Duru ya kwanza huirudisha ikiwa 440, ya pili 880, ya tatu 1,760, ya nne 3,520. Kifaa ni kilekile na kinainua oktavu moja tu, lakini kwa kuwa kinachotoka ndicho kinachoingia tena, ngazi nzima inajengeka. Riverbu nayo hutandaza kila hatua hadi kingo zipotee, na gitaa moja likasikika kama kundi la fidla. Kifaa hicho kingewekwa nje ya mzunguko, kingeongeza oktavu moja na kuishia hapo.

Kasoro nazo hurudiwa vivyo hivyo, kwa hiyo mzunguko unahitaji breki. Kichujio hukata masafa ya juu, la sivyo ukali unarundikana huko na kuumiza masikio. Kiwango cha marejeo, yaani sehemu ya sauti inayorudishwa kwenye mzunguko, kikiwa 0.5, kila duru hushuka desibeli 6; baada ya duru 10 zimeondoka desibeli 60, na sauti imekwisha. Kikizidi 1, kila duru hurudi na nguvu kuliko iliyotangulia, na hapo saturesheni laini, yaani ubanaji wa taratibu wa vilele vya sauti, ndiyo inayozuia mlio usipasuke.

Anayejenga mzunguko wake kwa Pure Data ajue kwamba programu hiyo huchakata sampuli 64 kwa mkupuo. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ucheleweshaji wa marejeo hauwezi kuwa mfupi kuliko milisekunde 1.3, ila akiupunguza mkupuo.

Kabla ya kununua programu-jalizi nyingine, punguza sauti ya spika, ruhusu marejeo katika mipangilio ya programu ya kurekodia ya Reaper, kisha uingize kwenye mzunguko kichujio ulichonacho tayari. Utakijua upya.